Gliserini, Purini na Jongo: Mwili Unavyovishughulikia Vitu Hivi, na Hukumu Zake kwa Mfungaji

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu na akakipangia kila kiungo chake kazi yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Aali zake na Sahaba zake wote.



Yapo masuala matatu ambayo yamekuwa yakitufikia mara kwa mara, na huzidi unapokaribia mwezi wa Ramadhani. La kwanza ni la wazazi. Wanasoma neno gliserini, au alama E422, kwenye dawa ya meno, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto au kwenye keki ya dukani, wanauliza kama ni halali, na kama ni kweli wanayoambiwa kwamba ni aina ya pombe. La pili ni la wenye maradhi ya jongo, ambayo hospitali huitwa gauti: wafunge au wasifunge? La tatu huletwa kwa kunong'onezwa. Mtu amelala mzima, usiku wa manane anaamka kidole gumba cha mguu kimevimba na kinawaka moto, hata shuka ikimgusa analia. Kabla ya Alfajiri nyumbani wameshasema kuwa amekanyaga uchawi, na mtu wa kushukiwa wameshampata.

Kwa juu juu masuala haya hayahusiani. Lakini wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukitambua kwanza. Na ukitaka kuyatambua haya matatu, itakubidi ujue mambo mawili: mwili unafanya nini na gliseroli, na unafanya nini na purini. Basi tuanze na hayo, kisha tuje kwenye hukumu.

Kabla ya hapo neno moja la lugha. Gliserini na gliseroli ni kitu kimoja. Gliserini ni jina la dukani na la kiwandani, gliseroli ni jina la wanakemia. Ajabu ni kuwa aliyekitambua kitu hiki ndiye huyo huyo aliyetambua asidi ya yuriki, ambayo ndiyo chanzo cha jongo. Alikuwa mfamasia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele. Mwaka 1776 alieleza kuhusu asidi aliyoikuta kwenye mawe ya njia ya mkojo, na miaka michache baadaye, alipokuwa akichemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, akapata kimiminika kizito, kitamu. Hicho ndicho gliseroli, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya utamu.

Gliseroli: mgongo wa kitana

Mafuta yote tunayoyajua, ya nazi, samli, ya samaki, na haya tunayoyabeba tumboni na kiunoni, yamejengwa kwa umbo moja. Fikiria kitana chenye meno matatu. Mgongo wa kitana ni gliseroli, na yale meno matatu ni asidi za mafuta. Meno ndiyo marefu na mazito. Mgongo ni mdogo, kwa uzito ni kama sehemu moja tu katika kumi ya mafuta yote.

Mtu anapokula, mwili huweka akiba. Sukari ya ziada huhifadhiwa kwenye ini na kwenye misuli, na mafuta huhifadhiwa kama vitana vilivyo kamili ndani ya seli za mafuta. Homoni ya insulini ndiyo inayosimamia ghala hilo: ikiwa juu, ghala hufungwa, ikishuka, ghala hufunguliwa.

Sasa muangalie mfungaji. Hapa visiwani kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, muda wa kufunga ni kiasi cha saa 13 hadi 14, Ramadhani ikija mwezi wowote. Baada ya daku sukari hupanda, kisha kadiri jua linavyopanda insulini hushuka. Ini huanza kutoa akiba yake ya sukari, ambayo kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 100. Ubongo peke yake hutumia kiasi cha gramu 120 za glukosi kwa siku nzima, na chembe nyekundu za damu haziwezi kuishi bila glukosi. Kwa hiyo mwili haungoji ghala la ini liishe. Mapema sana huanza kutengeneza sukari mpya, na hapo ndipo vitana vinapovunjwa.

Meno ya kitana, yaani asidi za mafuta, huenda kuwa kuni za misuli na moyo, na nyengine ini huzigeuza kuwa ketoni. Lakini kwa binadamu meno hayo kwa kawaida hayageuki kuwa sukari. Kinachogeuka ni ule mgongo. Seli ya mafuta yenyewe karibu haina kimeng'enya cha kuitumia gliseroli, kwa hiyo huiachia kwenye damu, nayo husafiri mpaka kwenye ini, na kiasi fulani kwenye figo. Huko hufanyiwa hatua mbili: kwanza hubandikwa fosfeti, kisha hubadilishwa umbo ili iingie kwenye njia ile ile inayopitiwa na sukari. Ikiwa mwili una njaa, njia hiyo huenda upande wa kujenga glukosi. Ikiwa umeshiba, huenda upande wa kuichoma au kujenga mafuta mapya. Gliseroli ina kaboni 3 na glukosi ina kaboni 6, hivyo gliseroli mbili hutoa glukosi moja.

Mchango wa gliseroli katika siku moja ya kufunga si mkubwa, na huongezeka mtu akikaa bila chakula kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, mfungaji aliyekaa darsani baada ya Alasiri, akili yake ikiwa imetulia, sehemu ya sukari inayoilisha akili hiyo imetoka kwenye mafuta aliyoyala siku za nyuma.

Na gliserini tunayoila kwenye keki au dawa hupita njia hiyo hiyo. Gramu moja hutoa nguvu kidogo zaidi ya kalori 4, karibu sawa na sukari. Ikizidi huvuta maji mwilini, na inaweza kuleta kuumwa kichwa, kichefuchefu au kuharisha. Wazazi wazingatie hapa: mwaka 2025 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ilitoa ushauri kuwa watoto wa chini ya miaka 7 wasipewe vinywaji vya barafu laini ya rangi vyenye gliseroli, kwa sababu baadhi ya watoto walishukwa na sukari na kupoteza fahamu baada ya kuvinywa. Dawa ya meno na kijiko cha dawa ya kikohozi kina kiasi kidogo na hakiko katika daraja hilo, lakini mzazi anayenunua kinywaji cha aina hiyo asome kilichoandikwa.

Je, gliserini ni pombe? Je, ni najisi?

Suala la pombe ni jepesi. Wanakemia wana kundi kubwa la vitu wanaloliita kwa jina la alkoholi, kwa sababu ya umbo fulani la oksijeni na haidrojeni lililomo. Gliseroli imo katika kundi hilo, na humo humo zimo sobitoli na zailitoli zinazotiwa kwenye ubani wa kutafuna. Hilo ni jina la kikemia tu. Illa ya kuharamishwa ulevi ni kulevya, na gliseroli hailevyi, kiwe kidogo au kingi. Kulingana jina hakubadilishi hukumu ya kitu.

Suala la asili yake linahitaji utulivu zaidi. Gliserini ya viwandani hupatikana kwa njia tatu: kwa kuyavunja mafuta ya mimea kama ya mawese, nazi au soya, kwa kuyavunja mafuta ya wanyama, na nyengine hutengenezwa kutokana na mazao ya petroli. Nyingi hutoka kwenye utengenezaji wa sabuni na wa dizeli ya mimea. Hata akina mama wetu wanaotengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi, wanapochanganya mafuta na magadi makali, vitana vinavunjika na gliserini inabaki humo humo ndani ya sabuni, ndiyo maana inalainisha ngozi.

Baadhi ya watu husema: maadamu gliseroli ya nazi na ya mnyama ni chembe moja isiyotofautiana, na mwili hauzitofautishi, basi suala limekwisha. La, halijakwisha. Mwili hauangalii asili, lakini sheria inaiangalia. Ndipo wanavyuoni walipotofautiana juu ya istihala, yaani najisi kugeuka ikawa kitu chengine. Wanavyuoni wa Kihanafi na wa Kimaliki wamelipanua jambo hili, na ndio msimamo wa Sheikhul Islam Ibn Taymiyya: kitu kikigeuka kweli kweli, hukumu yake nayo hugeuka. Madhehebu ya Imam Shafi, wanayoyafuata wengi wetu hapa, yamelibana: hayakubali najisi itwaharike kwa kugeuka ila katika mambo machache, kama pombe iliyogeuka siki yenyewe na ngozi iliyodibaghiwa. Na hapa elimu ya kitana inatusaidia kuona ugumu wa suala, kwa sababu mtu anaweza kusema kwamba gliseroli haikugeuka kuwa kitu kipya, bali ilikuwamo ndani ya mafuta tangu mwanzo, ikatenganishwa tu.

Kwa hivyo tunachowanasihi Waislamu ni hiki:

Kwanza, gliserini iliyoandikwa kuwa ni ya mimea, au iliyomo katika bidhaa yenye alama ya halali inayoaminika, haina tatizo.

Pili, isiyojulikana asili yake hubaki katika asili ya vitu, nayo ni uhalali. Yakini haiondolewi na shaka, wala hatukukalifishwa kumhoji kila muuza duka. Anayependa kuiacha kwa wara'a, ana ujira wake, lakini asiwaharamishie wenzake.

Tatu, iliyothibiti kuwa imetokana na nguruwe iepukwe, hasa katika chakula, maadamu mbadala upo na ni mwingi. Katika dawa ya lazima isiyo na mbadala, mgonjwa amuone daktari na mwanachuoni, na milango ya dharura inajulikana.

Nne, kwa mfungaji, gliserini iliyo kwenye dawa ya meno haifunguzi maadamu mtu anasukutua na kutema bila ya kumeza. Dawa ya kikohozi inayomezwa inafunguza kama kinavyofunguza kitu chengine chochote kinachomezwa.

Purini: mabaki ya kila seli

Tuje kwenye purini. Kila seli hai ina maandishi ya urithi, na maandishi hayo yana herufi nne. Mbili kati ya hizo, adenini na guanini, ni purini. Purini zimo pia katika ATP, ambayo ni sarafu ya nguvu ndani ya mwili: misuli ikikunjwa, moyo ukipiga, sarafu hiyo hutumika. Aliyezipa purini jina lake ni mwanakemia wa Ujerumani, Emil Fischer, mwaka 1884, na utafiti wake juu ya sukari na purini ndio uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Seli zinakufa na kuzaliwa kila siku. Purini za seli zilizokufa, pamoja na zile zilizomo kwenye chakula, hupita njia moja. Sehemu kubwa mwili huziokota na kuzitumia tena. Zinazobaki huvunjwa hatua kwa hatua mpaka kuwa hipozanthini, kisha zanthini, kisha asidi ya yuriki. Hatua hizo mbili za mwisho zinafanywa na kimeng'enya kimoja. Wanyama wengi, kama ng'ombe na mbuzi, wana kimeng'enya chengine kinachoendelea kuivunja asidi hiyo mpaka ikawa kitu kinachoyeyuka kirahisi na kutoka. Sisi wanadamu hatuna kimeng'enya hicho chenye kufanya kazi. Kwetu safari inaishia kwenye asidi ya yuriki, na kiasi cha theluthi mbili yake hutolewa na figo, iliyobaki hutoka kwa njia ya matumbo.

Hapa pana jambo ambalo tunataka kila familia yenye mgonjwa ilijue. Kiasi cha theluthi mbili ya asidi ya yuriki hutengenezwa na mwili wenyewe. Chakula huleta kama theluthi moja. Na kwa wagonjwa wengi tatizo kubwa ni figo kutoitoa asidi ya kutosha, na jambo hilo aghalabu hurithiwa. Kwa hiyo si haki kumcheka mwenye jongo na kumwita mlafi. Wapo wanaokula nyama kila siku na hawajawahi kuumwa, na wapo wanaokula kwa kiasi na wanaumwa.

Kwa nini kidole gumba, na kwa nini usiku?

Asidi ya yuriki haiyeyuki vizuri. Katika joto la kawaida la mwili, damu inaweza kuibeba mpaka kiasi cha miligramu 6.8 kwa desilita. Ikipita hapo kwa muda mrefu, huanza kujenga fuwele, vijiti vyembamba kama sindano, ndani ya viungo. Penye ubaridi hujengeka zaidi, na kidole gumba cha mguu ni kiungo kilicho mbali na moyo, chenye ubaridi, na kinachobeba uzito kila hatua. Usiku joto la mwili hushuka kidogo na maji hupungua mwilini, na ndiyo maana mshituko huja mara nyingi mtu akiwa amelala. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe, wakizikuta fuwele hizo huzishambulia kama adui. Huo moto, wekundu na uvimbe ni vita vyao.

Wanaume hupatwa zaidi. Kwa wanawake homoni ya estrojeni husaidia figo kuitoa asidi hiyo, na baada ya hedhi kukatika kinga hiyo hupungua.

Sasa turudi kwenye maneno ya kukanyaga. Mshituko wa jongo, hata usipotibiwa, kwa kawaida hutulia wenyewe baada ya siku chache hadi wiki mbili. Zingatieni hilo vizuri. Mgonjwa akipelekwa kwa mganga siku ya tatu, akazinguliwa, akatolewa mbuzi na pesa, kisha siku ya nane mguu ukapoa, watu watasema mganga ameweza. Lakini fuwele hazijatoka. Miezi kadhaa baadaye moto unarudi, na sasa watu wanasema yule jirani, au yule mke mwenza, au yule shangazi amerudia. Hivi ndivyo undugu unavyokatika juu ya kidole cha mguu, na kiungo kinaendelea kuharibika huku watu wanatafuta mchawi.

Sisi hatukanushi kuwa sihri imetajwa ndani ya Qur-ani. Tunachokataa ni kumtuhumu Muislamu bila ya ushahidi, katika jambo ambalo sababu yake inapimika hospitali. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza dhana mbaya, na kukata udugu ni katika madhambi makubwa. Msomee mgonjwa wako ruqya ya kisheria, hilo ni jema, kisha mpeleke akapimwe. Mambo mawili hayo hayagombani.

Na apimwe kweli, asijitibu kwa kusikia. Si kila kiungo kilichovimba ni jongo. Kiungo kinachowaka pamoja na homa kali kinaweza kuwa na vijidudu ndani yake, na hicho ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari aliyevimba mguu naye asingoje. Tena ajulikane kuwa wakati wa mshituko kipimo cha damu kinaweza kuonesha kiasi cha kawaida, kwa hiyo daktari anaweza kutaka kipimwe tena baadaye.

Chakula chetu

Allah ametuhalalishia kitoweo cha bahari, na hatumharamishii mtu alichohalalishiwa. Lakini kitu kinaweza kuwa halali kwa umma na kikawa cha kupunguzwa kwa mgonjwa mmoja, kama asali kwa mwenye kisukari.

Purini ni nyingi zaidi katika maini, figo na nyama nyengine za ndani, na katika dagaa, hasa wakavu kwa sababu maji yametoka na purini zimebaki. Nyama ya ng'ombe na mbuzi, kuku, pweza, ngisi na samaki wengine wako katikati. Purini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo nyama au pweza akichemshwa, sehemu yake huhamia kwenye supu. Mwenye jongo anayekataa nyama kisha akanywa bakuli mbili za supu hajajisaidia. Siku za Idd el Hajj, ambapo maini na supu huanza asubuhi, ndizo siku za kujihadhari.

Maharagwe, choroko, mbaazi na mchicha vina purini kiasi, lakini utafiti umeonesha kuwa purini za mboga na kunde haziongezi hatari ya jongo kama za nyama na za baharini. Mgonjwa asizikimbie. Maziwa na mtindi vinasaidia kuipunguza asidi.

Adui anayesahauliwa ni soda na juisi za sukari. Sukari ya mezani nusu yake ni fruktosi. Ini huishughulikia fruktosi kwa haraka na kwa kutumia sarafu nyingi za ATP kwa mara moja, na mabaki ya sarafu hizo ni purini, ambazo huishia kuwa asidi ya yuriki. Pia sehemu ya fruktosi hiyo hujenga vitana vipya vya mafuta, mgongo na meno yake. Kwa hiyo mtu anaweza kujinyima pweza, akafuturu kwa chupa mbili za soda, akashangaa kwa nini mguu unauma. Tende tatu za sunna si tatizo. Tatizo ni mtungi wa juisi iliyotiwa sukari. Kuhusu ulevi, hatuna haja ya kuurefusha: umeharamishwa, na pia unapandisha asidi hii.

Mwenye jongo na saumu

Sasa mambo yetu mawili yanakutana. Tumesema mfungaji huvunja vitana vya mafuta, gliseroli ikawa sukari na asidi za mafuta zikawa ketoni. Ketoni hizo, zikitaka kutoka kupitia figo, hugombania mlango na asidi ya yuriki. Zaidi ya hayo, mwili ukikosa maji, mkojo hupungua. Kwa sababu hizo mbili asidi ya yuriki inaweza kupanda kwa mtu anayekaa na njaa na kiu muda mrefu. Hii haina maana kuwa kila mwenye jongo asifunge. Tunawagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni aliyetulia: anatumia dawa, kipimo chake kiko chini, na hajapata mshituko kwa muda. Huyu kwa kawaida hufunga. Anywe maji ya kutosha baina ya Magharibi na Alfajiri, asiache daku, na dawa yake ya kila siku aihamishie usiku kwa ushauri wa daktari. Dawa kuu, alopurinoli, aghalabu humezwa mara moja kwa siku, hivyo saumu haiizuii. Dawa hii inazuia kile kimeng'enya kimoja kinachofanya hatua mbili za mwisho, na waliotengeneza, Gertrude Elion na George Hitchings, walikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988. Miezi ya mwanzo ya kuitumia mshituko unaweza kutokea, na wengi huiacha hapo wakidhani imewadhuru. Asiiache bila ya kumuuliza daktari. Lakini akitokwa na vipele au upele mwilini, asimamishe na aende hospitali haraka.

Kundi la pili ni aliye ndani ya mshituko, mwenye maumivu makali na anayehitaji maji na dawa mchana. Huyu ni mgonjwa, na ruhusa iliyomo katika aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara inamhusu. Afungue, ajitibu, na alipe siku alizokula baada ya kupona. Kuipokea ruhusa ya Allah si upungufu wa imani.

Kundi la tatu ni mwenye figo zilizodhoofika, au mwenye mawe ya figo yanayomrudia, au mwenye maradhi mengine pamoja na jongo. Huyu asijiamulie. Daktari muaminifu akimwambia kuwa saumu itamdhuru, aifuate kauli hiyo. Ikiwa hakuna tamaa ya kupona, atatoa fidia ya kumlisha masikini mmoja kwa kila siku, na katika madhehebu ya Imam Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha watu wa mji.

Tunaonya pia juu ya mambo mawili tunayoyaona mitaani. La kwanza ni vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki, vinavyonunuliwa bila ya cheti na kumezwa siku nyingi mfululizo. Kwa mtu aliyekaukiwa na maji au mwenye figo dhaifu vinaweza kuziumiza figo hizo, na tumbo tupu navyo hupata vidonda. La pili ni dawa za presha zinazoongeza mkojo, na asprini ya kiasi kidogo. Zote zinaweza kupandisha asidi ya yuriki. Mwenye kuzitumia asiziache mwenyewe, kwani presha na moyo ni hatari zaidi. Amueleze daktari kuwa ana jongo, naye atapima.

Mwisho, kupunguza uzito polepole kunashusha asidi ya yuriki, lakini kujinyima chakula kwa ghafla kunaipandisha. Ramadhani iliyofuatwa kwa sunna yake, kufuturu kwa kiasi, daku, maji, na kuacha israfu iliyokatazwa katika aya ya 31 ya Suratul A'raf, inakwenda na maslahi ya mgonjwa huyu. Ramadhani ya njaa mchana na karamu usiku haiendi nayo.

Basi mzazi asiiogope gliserini kwa jina lake, bali aulize asili yake kwa kiasi alichokalifishwa. Mwenye jongo apime, ajue yuko kundi gani, kisha afunge au afungue akiwa na nia safi. Na nyumba ambayo undugu ulivunjika kwa sababu ya mguu uliovimba, tunawausia waende wakaombane radhi kabla mwezi haujaandama.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, azipokee saumu zetu, na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.